Barua ya wazi kwa walimu vijana wa Goma: swali lianzie nyumbani kwa mtoto

Wanangu walimu,

Ninawaandikia baada ya kuiweka chaki chini, nikiwa nimefundisha hesabu na sayansi katika mji huu kwa miaka mingi. Baadhi yenu mmekuwa mkinijia jioni mkilalamika kwamba watoto wanakariri kila kitu na hawaelewi chochote. Malalamiko hayo nayajua, kwani hata mimi niliyatoa nilipokuwa na umri wenu, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba tatizo halikuwa kichwani mwa mtoto.

Mmoja wenu alinionyesha daftari lake la maandalizi. Mahali ambapo kitabu kilisema treni mbili zinaondoka katika vituo viwili, yeye aliandika chukudu mbili, vile vyombo vyetu vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo, moja inatoka Kibumba kule juu na nyingine Birere hapa mjini, kisha akauliza zitakutana saa ngapi. Nilimpongeza kwa nia yake njema, lakini nilimwambia, kama ninavyowaambia ninyi nyote, kwamba hapo kilichobadilika ni jina tu. Mwendesha chukudu hajiulizi atakutana na mwenzake saa ngapi. Anajiuliza apakie magunia mangapi ya makala, yaani mkaa wa kupikia, bila kuvunja ubao, afungeje breki kwenye mteremko wa Kibumba, apake mafuta kiasi gani kwenye gurudumu ili lisimchoshe, na akishalipa gharama zote za njiani arudi nyumbani na faranga ngapi. Msuguano, mteremko, kutoa na kujumlisha, vyote vimo katika maswali hayo, na mtoto ambaye baba yake anafanya kazi hiyo anakuja darasani akiwa na nusu ya jibu mikononi. Basi msiazime jina la kitu cha kwetu ili kupamba swali la watu wengine. Tafuteni swali ambalo nyumba ya mtoto inajiuliza kweli.

Chukueni sufuria ya maharage. Hakuna mtoto wa Goma ambaye hajawahi kutumwa kuangalia moto chini ya maharage yanayokataa kuiva, huku mama akihesabu makala yaliyobaki. Kitabu kinasema maji huchemka kwenye nyuzi 100, na ni kweli kwa mtu anayepika kando ya bahari. Sisi tunaishi karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa inayokandamiza maji imepungua nguvu, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi na kuishia hapo. Niliwahi kuwaona wanafunzi wakisoma 95 kwenye kipimajoto, kisha wakafuta na kuandika 100 kwa kuwa ndivyo kitabu kilivyosema, na hadi leo jambo hilo linaniuma, kwa maana walikuwa wamepima sawasawa na sisi walimu ndio tuliowazoesha kutoyaamini macho yao. Mtoto akishaelewa kwamba maji yanayochemka hayazidi kuwa ya moto hata ukirundika makala, atamwambia mama yake apunguze moto, afunike sufuria vizuri na aloweke maharage tangu usiku. Hapo somo limeokoa pesa za nyumba, na pengine limeokoa mti pia, kwa sababu sehemu kubwa ya makala tunayochoma hapa hutoka katika misitu ya Virunga.

Lakini somo ambalo ningewasihi msiliache hata mkiyaacha mengine yote ni la mazuku. Watoto wetu wanalijua neno hilo kabla hawajajua kusoma. Wanaambiwa ni upepo mbaya unaoua mbuzi mashimoni, na wengine wanaambiwa ni mapepo. Darasani tunawafundisha kaboni dioksidi kwa alama na herufi, wanaziandika, na hakuna anayewaambia kwamba ni kitu kilekile. Gesi hiyo hupenya kutoka ardhini, hasa upande wa kuelekea Sake, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, hutulia katika mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kusimama akipumua wakati mbwa wake anaanguka miguuni pake, na ndiyo maana mtoto mfupi yuko hatarini zaidi.

Somo lenyewe halihitaji maabara. Simamisheni mishumaa miwili ndani ya sufuria kubwa yenye kina, mmoja mfupi na mmoja mrefu, nyunyizeni bikaboneti (magadi ya kuokea) chini yake, washeni mishumaa, kisha mimineni siki taratibu pembeni. Povu litatokea, na baada ya muda mfupi mshumaa mfupi utazimika wenyewe wakati mrefu bado unawaka. Msiseme neno. Subirini mpaka mtoto mmoja atamke mwenyewe, kwa Kiswahili chake, kwamba hayo ni mazuku. Baada ya hapo ndipo muandike ubaoni jina la Kifaransa ambalo atalikuta kwenye mtihani wa taifa. Wanaoogopa kwamba njia hii inakula muda wa mtihani nawajibu hivi: mtoto aliyeuona mshumaa ule ukizimika hahitaji kukaririshwa.

Kuna jambo moja nililikosea, nanyi msilirudie. Mwaka 2002, miezi michache baada ya lava ya volkano Nyiragongo kupita katikati ya mji, niliwapa wanafunzi kazi ya kupima nyumba zao kwa hatua ili tukokotoe eneo. Msichana mmoja hakuleta chochote, nami nikamsimamisha mbele ya wenzake kama mvivu. Nyumba yao ilikuwa chini ya mawe. Alisimama pale bila kujitetea mpaka kengele ikalia, na mimi nilikuja kuambiwa baadaye na jirani yao. Leo madarasani mwenu wamo watoto waliokulia kambini, waliokimbia vijiji vyao, wanaolala kwa watu. Msiwaulize wana nini nyumbani. Waulizeni wanaona nini mtaani, na kama mnataka kitu cha kupima, pimeni ukuta wa mawe meusi unaozunguka shule, ambao ni wa wote.

Najua madarasa yamejaa na mshahara hautoshi. Siwaombi mbadilishe kila kipindi. Somo moja kwa juma, lililofikiriwa vizuri, litawatosha kwa mwaka wa kwanza.

Jumamosi mchana huwa nipo nyumbani. Sufuria yangu na mishumaa bado ninayo. Anayetaka kulijaribu somo la mazuku kabla ya kulipeleka darasani aje na chupa ya siki, tulifanye pamoja uani.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu, Goma