Western Breach: mgeni ana helmeti, mpagazi je?

Ndugu Mhariri,

Msimu mkavu ukikaribia, njia ya Western Breach, inayopanda ukuta wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, huanza tena kunadiwa kwa wageni wanaotaka kuingia kreta (shimo la volkeno) ya kilele cha Kibo kwa mkato. Januari 2006 mawe yaliua Wamarekani watatu pale. Njia ikafungwa, ikafunguliwa mwishoni mwa 2007; Septemba 2015 jiwe likamuua Mmarekani mwingine.

Mawe ya ukuta ule yameshikwa na barafu. Usiku wa baridi kali hukaza. Jua likigusa ukingo wa juu hulegea, na jiwe moja huamsha mengine. Ndiyo maana kambi ya Arrow Glacier huachwa saa 10 alfajiri, saa 11 ikizidi sana. Ila kama usiku ulikuwa na mawingu na maji nje ya hema hayakuganda, kuwahi hakusaidii kitu. Teremkeni kambi ya Barranco, mzungukie kambi ya Barafu.

Kwenye korongo vukeni mmoja mmoja, mwenzenu akitazama juu. Penye changarawe za kuteleza fanyeni kinyume chake: karibianeni, ili jiwe atakalolisukuma wa mbele lisipate mwendo kabla ya kumfikia wa nyuma. Ukisikia "Jiwe!", usiinue uso, jibanze kwenye mwamba, begi likinge shingo.

Helmeti huzuia vijiwe, si jabali, lakini vijiwe ndivyo vingi. Wageni huvaa. Wagumu wetu, yaani wapagazi, wengi hawavai, na sababu si ubahili wa kampuni peke yake: mzigo unakaa kichwani. Kilo 20 zilezile zikifungwa kwenye begi la mgongoni lenye mkanda wa kiuno, kichwa kinapata helmeti na mikono yote miwili inabaki huru kushika mwamba. (Ile ya bodaboda inayofunika masikio haifai, mtu hatasikia onyo.)

Na anayelala kreta, karibu mita 5,700, ajue kwamba mapafu yakianza kujaa maji, lazima apandishwe kwanza hadi ukingoni mwa kreta ndipo ateremshwe kambi ya Barafu. Kumrudisha kwa Breach ni kumpitisha tena chini ya mawe yaleyale. Mwenye kikohozi au kichwa kisichopoa asivuke Arrow Glacier.

Tunaiomba hifadhi jambo moja. Mizigo hupimwa getini; kwa kundi la njia hii zihesabiwe na helmeti papo hapo. Watu 30, helmeti 30, ikipungua moja wabadilishiwe njia.

Waongoza watalii,
Moshi