Jumamosi tunasikiliza Fugazi, albamu ya pili

Wadau, habari za jioni. Wakubwa, shikamooni.

Jumamosi saa kumi na moja jioni tunakutana Shangani, kibaraza kile kile. Zamu hii ni Fugazi, bendi ya roki ya Washington, Marekani, albamu yao kamili ya pili, Steady Diet of Nothing, ya mwaka 1991. Nyimbo 11. Tutazipiga zote mfululizo, hakuna kuruka.

Waliozoea Repeater, albamu yao ya kwanza ya 1990, wataona hii imepoa. Mimi nilifikiri hivyo hivyo, nikaiacha karibu mwaka mzima. Safari hii waliisimamia wenyewe bila prodyuza wa nje, na sauti ikatoka kavu, haina mapambo. Sikilizeni besi ya Joe Lally. Ndiyo inayobeba wimbo, magitaa mawili yanakuja kukwaruza juu yake kisha yananyamaza. Aliyekulia kwenye sindimba ataelewa haraka: ngoma moja inashika njia, nyingine zinachokoza. Wimbo wa pili, Reclamation, unahusu haki ya mtu juu ya mwili wake. Nitautafsiri kwa mdomo, msiniletee ubishi wa sarufi.

Mchango ni shilingi 1,000, ya petroli ya jenereta. Mara iliyopita umeme ulituacha katikati ya wimbo, mnakumbuka. Fugazi wenyewe walipigania viingilio vyao visizidi dola 5, kwa hiyo sipandishi.

Spika ipo. Wenye mikeka waje nayo. Korosho nitakaanga mimi, ila zile za kuungua msiniulize.