Risala ya Wanafunzi wa Utangazaji na Kikundi cha Wasikilizaji wa Redio, Jiji la Tanga, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Redio Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Tanga,
Waheshimiwa Madiwani,
Wakurugenzi na wahariri wa vituo vya redio,
Walimu wetu, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Assalam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli za ofisi ukaja kukaa nasi. Siku hii huadhimishwa 13 Februari kwa sababu Redio ya Umoja wa Mataifa ilianzishwa tarehe hiyo mwaka 1946. Tumeona tuitumie kukueleza jambo moja tu: jinsi habari za Tanga zinavyoweza kutoweka redioni bila mtu yeyote kuzipiga marufuku.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango wa redio binafsi Tanzania Bara, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Leo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hutoa leseni za maudhui kwa ngazi ya taifa, mkoa, wilaya na jamii. Msikilizaji wa Duga au Mabawa anapotafuta stesheni, yeye haoni ngazi hizo. Sauti inaingia safi, jina la Tanga linatajwa kwenye jingo, yaani kibwagizo cha kutambulisha kituo, naye anaamini kuna mtu wa zamu hapa mjini. Pengine yupo. Pengine kuna mnara, transmita (mtambo wa kurushia mawimbi) na mlinzi wa geti tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, taarifa ya habari ya dakika 10 ina nafasi ya habari 6 au 7, kila moja ikiwa na maneno kama 120 hadi 150. Ili mhariri apate 7 za kusoma, anahitaji 10 mezani, maana nyingine zitakosa uthibitisho. Ili zifike 10, lazima kuna mtu aliyekwenda mahakamani, mwingine soko la Mgandini, mwingine mwalo wa Deep Sea, na mwingine aliyekaa kwenye baraza la madiwani mpaka mwisho wa kikao. Nauli, vocha, muda na mishahara yao ni gharama kubwa kwa kituo kidogo. Kampuni ikishakuwa na vituo vingi, jicho la mhasibu huangukia hapo: kwa nini tulipie vyumba vya habari vitano wakati kimoja kinaweza kusikika kote?

Mabadiliko hayaji siku moja. Huanza na vipindi vya usiku, ambavyo havina matangazo mengi. Vikifuata vya mchana, watu hulalamika wiki moja kisha huzoea. Mwisho huja kipindi cha asubuhi, na hapo ndipo chumba cha habari hufungwa. Sauti hutoka makao makuu kwa setilaiti au intaneti, huingia kwenye kisanduku cha kupokelea hapa Tanga, kisha huenda kwenye transmita. Kila sehemu ya kipindi inapoisha, makao makuu hutuma alama ambayo msikilizaji haisikii. Kompyuta ya hapa ikiipata hupachika matangazo ya Tanga kwa sekunde 60 au 120, kisha hurudi kwenye mkondo, yaani sauti inayotoka makao makuu. Sekunde hizo ndizo Tanga inayobaki. Intaneti ikikatika, kompyuta hupiga muziki wa akiba, na kama hakuna mtu wa zamu, utapigwa mpaka asubuhi.

Tuseme haki pia. Kampuni kubwa ina jenereta, transmita ya akiba, na mishahara inayofika tarehe yake. Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, na milima ya Usambara huyakinga. Kumfikia mtu wa Lushoto au Mlalo kunahitaji mtambo mwingine juu mlimani, na gharama hiyo redio ya jamii huimudu kwa shida. Kinachotuumiza ni studio tupu, hata iwe ya nani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, njia hii wenzetu wameshaipita. Sheria ya Mawasiliano ya Marekani ya Februari 1996 iliondoa ukomo wa kitaifa uliomzuia mmiliki mmoja kuzidi vituo 20 vya AM na 20 vya FM, na katika miji yenye vituo vingi ikamruhusu kumiliki hadi 8. Kampuni ya redio ya Clear Channel ilitoka kwenye vituo takriban 40 ikavuka 1,200 ndani ya miaka michache. Baadaye ikaitwa iHeartMedia, na Machi 2018 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Deni hilo lina maana kubwa katika mada yetu. Kampuni iliyonunuliwa kwa mkopo hulipa riba kwanza, na kitu chepesi kukata ili riba ipatikane ni mshahara wa mwandishi wa mji mdogo. Uingereza nako, Ofcom, mamlaka yao ya mawasiliano, ilipolegeza masharti ya saa za vipindi vya mahali mwaka 2018, mwaka uliofuata vipindi vingi vya asubuhi vya mitandao ya redio ya Heart na Capital vilikuwa vinatoka London. Sharti lilipoondoka, kipindi hakikukaa hata miaka miwili.

Usiku wa kuamkia 18 Januari 2002, treni ilianguka nje ya mji wa Minot, North Dakota, na wingu la amonia likatanda juu ya nyumba za watu. Vituo vyote 6 vya redio ya biashara mjini hapo vilikuwa vya Clear Channel. Polisi walitaka tangazo la dharura litoke, lakini halikutoka kwa wakati. Mtu mmoja alifariki na mamia waliumia. Kampuni ilijitetea kwamba mtu alikuwepo kituoni, na kwamba kifaa cha dharura cha upande wa polisi ndicho kilichoshindwa. Hata tukiupokea utetezi huo, somo la kiufundi linabaki: mji mzima ulikuwa umetegemea mlango mmoja, na usiku huo haukufunguka. Tanga ina reli, ina matangi ya mafuta bandarini, ina wavuvi wanaolala baharini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mpya mara kadhaa. Taarifa kama hiyo ikitolewa saa 7 usiku haimfai mvuvi wa Tongoni mpaka awepo mtu wa kukatisha muziki.

Sasa tuje kwa watangazaji wa biashara, ambako pana mengi zaidi. Tuchukue mfano wa saa moja ya asubuhi yenye dakika 12 za matangazo. Hizo ni nafasi 24 za sekunde 30. Kampuni ya simu, ya kubeti au ya vinywaji hainunui Tanga peke yake. Wakala wake Dar es Salaam hununua mtandao mzima kwa oda moja, na kwa desturi ya biashara hiyo hukata kamisheni ya asilimia 15. Oda hiyo ikishika nafasi 16, zinabaki 8 za mwenye duka la vipuri wa Barabara ya 12 na mwenye shule ya awali wa Chumbageni. Siku mteja mkubwa akichukizwa na habari moja akaondoka, theluthi mbili ya nafasi za saa hiyo zimeondoka naye. Kituo chenye wateja wadogo 40 kingepoteza mmoja tu. Ndiyo maana sisi huangalia kwanza orodha ya wateja kabla ya kuangalia ujasiri wa mhariri.

Ni mara chache mdhamini kupiga simu na kusema futeni. Habari ya maji machafu huhamishwa kutoka saa 1 asubuhi kwenda saa 3 usiku. Jina la kiwanda hugeuka kuwa "kampuni moja". Au husubiri maelezo ya upande wa pili, na upande wa pili unajua kwamba ukikaa kimya siku nne habari imepoa. Kumsikiliza anayetuhumiwa ni haki yake, lakini haki hiyo ina saa: swali liandikwe limetumwa lini, apewe muda unaotosha, na asipojibu habari isomwe na iseme hakujibu. Menshen za wadhamini, yaani kutajwa kwao na msomaji, katikati ya taarifa ya habari nazo zikome. Kanuni za Ofcom haziruhusu tajo la kibiashara ndani ya taarifa ya habari ya redio wala pembeni yake, na hatuoni sababu ya msikilizaji wa Tanga kupewa chini ya hapo.

Kuna mdhamini mwingine ambaye husahaulika, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nao ni ofisi za umma. Tangazo hupigwa leo, malipo huja baada ya miezi. Redio ndogo inayodai hujipima kabla ya kumuuliza swali gumu mtu anayesaini malipo yake. Na mwandishi asiyelipwa mshahara huishi kwa nauli anayopewa na mwenye shughuli, kwa hiyo huenda penye nauli. Matokeo yake taarifa nzima hujaa semina, ufunguzi na uzinduzi, na kisima kilichokauka Mkinga hakina mtu, kwa kuwa kisima hakina bahasha.

Yote haya yanapimika, na kikundi chochote kinaweza kupima. Chagua siku 7 mfululizo zisizo na sikukuu. Rekodi saa 12 asubuhi hadi saa 4, kisha saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, yaani saa 49 kwa wiki. Faili la MP3 la kilobiti 64 kwa sekunde huchukua kama MB 29 kwa saa, kwa hiyo wiki nzima haifiki GB 1.5 na simu ya kawaida inatosha. Andika kila habari: muda wake kwa sekunde, mahali, nani amesikika kwa sauti yake, na nani ameileta. Habari ya Tanga ni ile iliyotokea hapa, ina sauti ya mtu wa hapa, na imethibitishwa na mwandishi. Kosa linaloharibu vipimo vingi ni kuhesabu salamu na matangazo ya vifo kama habari. Yana thamani kubwa kwa jamii, ila yaingie safu yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu. Ofisi za umma za wilaya yetu zilipe matangazo ya redio ndani ya siku 30, na kila robo mwaka zibandike ubaoni kituo gani kimelipwa kiasi gani. Pili, utufikishie TCRA ombi kwamba kituo chenye leseni ya mkoa au wilaya kinapouzwa au kuunganishwa, dakika za habari za mahali ziandikwe kwenye masharti, kwa maana ya habari ya Tanga tuliyoieleza kwenye kipimo, na wananchi wasikilizwe kabla.

Tatu ni la dharura, na hili liko ndani ya uwezo wako. Kamati ya maafa ya wilaya ikae na vituo vyote vinavyosikika hapa. Kila kituo kiwe na mtu wa zamu usiku, na mezani kwake iwepo karatasi moja yenye namba za kamati, polisi 112, Zimamoto 114 na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Swichi ya kukatisha mkondo wa makao makuu iwe ya mkono, isifichwe ndani ya programu ambayo nywila yake anayo mtu aliyeko mkoa mwingine. Na jaribio lifanyike kila mwezi saa 8 usiku, maana mchana studio huwa na watu. Kikundi chetu kiko tayari kukaa macho usiku huo na kuandika kila kituo kimechukua dakika ngapi kutoka kupigiwa simu hadi tangazo kusikika hewani.

Tunaomba kuwasilisha.