Kabla hujawavika Mafarisayo majoho

Ndugu yangu Baraka,

Habari za siku nyingi? Sisi huku wazima, mama anakusalimia na anauliza lini utakuja. Andiko lako la igizo la Pasaka nimelisoma lote kwa mkupuo mmoja. Pale uani, yule kijakazi anapombana Petro, umepapatia kweli.

Ila Baraza Kuu, yaani hiyo Sanhedrini yenyewe, mahakama ya juu ya Wayahudi, naomba tulifumue. Umejaza ukumbi Mafarisayo, wale wa chama cha kushika torati kwa makini, Kayafa kuhani mkuu umemfanya Farisayo mwenzao, na wote wanapiga kelele "Asulubiwe!" Kwanza, kelele hizo ni za mbele ya Pilato, zihamishie huko. Pili, fungua Marko 14 usome mpaka mwisho wa 15. Mafarisayo hawatajwi hata mara moja. Waliomo ni wakuu wa makuhani, wazee na waandishi. Yohana anawataja kwenye kikao cha sura ya 11 na kwenye kukamatwa bustanini, na Mathayo anawaleta baadaye wakiomba kaburi lilindwe. Wapo, siwafuti. Lakini walioshika usukani ni makuhani, na Matendo 5:17 inasema wazi kwamba kuhani mkuu na waliokuwa pamoja naye walikuwa watu wa Masadukayo, chama kingine kabisa.

Ukitaka Kayafa aeleweke jukwaani, onyesha hofu yake kuliko ukali wake. Kiti kile kilikuwa mkononi mwa Warumi. Baba mkwe wake, Anasi, aliwekwa na Kirenio, liwali wa Kirumi wa Shamu, mwaka 6, liwali Grato akamtoa mwaka 15, kisha ndani ya miaka michache wakapita makuhani wakuu wengine watatu. Kayafa akaingia kama mwaka 18 na akadumu hadi 36. Mtu hadumu hivyo bila kujua kuishi na wakubwa. Hata vazi lake takatifu, lile la kuingilia mbele za Mungu, halikuwa lake: Warumi walilifungia ngomeni, wakalitoa sikukuu ikikaribia, na sikukuu ikipita linarudi chini ya ulinzi. Sasa mji umefurika mahujaji wa Pasaka, Pilato amepanda na askari wake kutoka Kaisaria, na Mgalilaya mmoja amepindua meza hekaluni. Ule mkutano wa Yohana 11, wanaposema Warumi watakuja kuwaondolea mahali pao na taifa lao, mimi nausoma kama kikao cha watu waliokosa usingizi. Mpe Kayafa usingizi mchache, mchezaji wako atajua la kufanya.

Na sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Nikifuata habari za Yesu na za kanisa changa mbele ya Baraza hilo, kila sauti ya upinzani inapojitokeza, mara nyingi inatoka upande wa Mafarisayo. Yusufu wa Arimathaya, mjumbe wa Baraza, tunaambiwa tu kwamba hakukubaliana na shauri lao. Lakini Nikodemo, aliyeuliza kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, alikuwa Farisayo. Gamalieli, aliyewaambia wawaache mitume kwa kuwa kazi ya wanadamu itaanguka yenyewe, naye Farisayo. (Mitume walichapwa hata hivyo, hilo wahubiri wetu hulipita haraka.) Miaka mingi baadaye Paulo anasimama mbele ya Baraza, kuhani mkuu Anania anaamuru apigwe kinywani, Paulo anamwita ukuta uliopakwa chokaa, halafu anatamka kwamba yeye ni Farisayo na anahukumiwa kwa ajili ya ufufuo. Mafarisayo waliuamini ufufuo, Masadukayo waliukana, basi ukumbi ukapasuka katikati. Waandishi wa upande wa Mafarisayo wakasimama kumtetea, na jemadari wa Kirumi akalazimika kushusha askari wamtoe asije akararuliwa.

La mwisho halimo katika Biblia, liko kwa Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ile. Mwaka 62 liwali Festo amekufa na mrithi wake Albino yuko njiani. Kuhani mkuu ni mwana wa Anasi, naye anaitwa Anasi, Msadukayo mkali. Akaona mwanya. Akakusanya baraza la waamuzi, akawaleta Yakobo ndugu yake Yesu na wengine kadhaa, wakahukumiwa kupigwa mawe. Walionung'unika ni watu wa mji waliosifika kwa haki na kwa kushika sheria kwa makini, ambao wasomi wengi huwahesabu kuwa Mafarisayo. Walimwendea Albino njiani wakamweleza kwamba Anasi hakuwa na ruhusa ya kukusanya baraza bila idhini yake. Mfalme Agripa, yule aliyemsikiliza Paulo kule Kaisaria, akamvua ukuhani akiwa ametimiza miezi mitatu tu.

Sisemi walikuwa malaika. Stefano alipouawa, Gamalieli hasikiki, na Sauli aliyeridhia kifo kile alikuwa mwanafunzi wake.

Kuhusu jukwaa, uliniuliza wakaeje. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200, inasema wajumbe 71 waliketi nusu duara ili waonane nyuso, makarani wawili wamesimama mbele yao wakiandika, na kesi ya kifo ikianza kwa maoni ya wadogo ili wasifuate mkumbo wa wakubwa. Picha nzuri, lakini Hekalu lilikuwa limeteketezwa tangu mwaka 70, na kanuni zile ziliandikwa na warithi wa Mafarisayo. Ndiyo maana hoja ya kwamba kesi ya Yesu usiku ule ilivunja sheria hiyo hainikolei sana: sheria ya nani, nyumbani kwa Kayafa? Luka mwenyewe anaweka kikao asubuhi, na Yohana anatupeleka kwa Anasi kwanza, kisha kwa Kayafa, bila hukumu ya Baraza.

Mimi ningeweka watu wachache, sebule ya tajiri, taa mbili, Anasi mzee ameketi na mkwe anatembeatembea. Nikodemo mpe sentensi moja tu, akatishwe kabla hajaimaliza. Yule kijana wa besi anayependa kukohoa ndiye anayefaa kuwa Anasi.

Nitumie rasimu ya pili kabla ya mazoezi kuanza. Wasalimie wanakwaya wote.

Ndugu yako,
Elia