Usikaze springi kwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika. Unasema mbao za paini zinakwama katikati ya mashine ya randa mpaka uzisukume kwa mkono, kwamba karibu na mwisho wa ubao visu hula zaidi na kuacha mashimo, na kwamba umeshauriwa ukaze springi zinazokandamiza rola juu ya mbao. Nakuomba usizikaze kwanza. Springi ikizidi kukazwa, ile rola yenye meno inayovuta mbao kuingia huiuma mbao kwa kina ambacho visu havikifikii, nawe unabaki na mistari juu ya ubao uliorandwa. Beringi zake nazo huisha mapema.

Mara nyingi ugomvi uko kwenye utomvu. Chomoa waya kwenye soketi, usizime swichi tu, kisha fungua kifuniko utazame mifereji ya rola hiyo. Ikiwa imejaa utando mweusi wa utomvu na vumbi, meno hayana njia ya kushika. Isugue kwa mafuta ya taa na brashi ya waya za shaba, ukifuata mifereji. Rola ya kutolea, kama ni ya mpira, usiiguse kwa mafuta ya taa wala petroli, maana mpira huvimba na kulainika. Hiyo ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na ikiwa inang'aa ipitishie msasa namba 120 kidogo tu. Meza nayo isugue kwa nta. Dawa za kunyunyiza zenye silikoni ziepuke, kwa sababu zinahamia kwenye mbao, na baadaye vanishi inakataa kushika.

Ikikwama bado, pima kimo cha rola, yaani imeshuka chini ya visu kwa kiasi gani. Hakikisha visu vimepangwa sawasawa kabla ya yote, kwa kuwa kila kipimo kinahesabiwa kutoka kwenye ncha ya kisu inapofika chini kabisa. Tafuta kipande cha mbao ngumu kilichonyooka, mninga unafaa sana, ukilaze mezani chini ya visu. Weka juu yake fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 1, pandisha meza taratibu huku ukizungusha visu kwa mkono uliovaa glovu nene, mpaka ncha iiguse fila kidogo tu. Funga meza hapo. Toa fila, sogeza kipande chini ya rola ya kuingizia, kisha rekebisha skrubu mpaka rola ikiguse. Rudia upande wa pili, kushoto na kulia visipishane. Ya kutolea ifanyie hivyohivyo kwa fila ya milimita 0.5. Haya ni makadirio ya mashine nyingi, lakini kitabu cha mashine yako kikisema vingine, fuata kitabu.

Ubao ukienda upande, ujue upande mmoja unashika kuliko mwingine: kichwa cha ubao hugeukia ule ulio dhaifu. Hapo ndipo springi inapohusika, na iguse kwa robo mzunguko tu kila mara, ukijaribu ubao kila baada ya robo.

Kuhusu yale mashimo ya mwisho wa ubao, sentimita chache kutoka ncha, tazama rola mbili ndogo za mezani. Zikiinuka mno, ubao unaning'inia kati yake, na mkia ukishaachwa na rola ya kuingizia unaruka kuelekea kwenye visu. Laza rula ya chuma juu ya rola zote mbili, kisha pitisha karatasi ya kawaida ya kuandikia kati ya rula na meza. Karatasi ipite kwa kukwaruza. Hiyo ni kama milimita 0.1, inatosha kwa mbao kavu zilizokwisha kunyooshwa. Kwa mbao mbichi za msumeno ziinue hadi 0.4 hivi, ukubali shimo dogo mwishoni. Mbao ndefu zishikiliwe na mtu upande wa kutokea, zisining'inie.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, andika vipimo ulivyovikuta, kushoto na kulia, unitumie.

Ni mimi swahiba wako.