Nzi wa mabibo waingie maabara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatetee nzi wadogo wenye macho mekundu, ambao msimu huu wa korosho wametanda juu ya kila rundo la mabibo hapa Newala, kwa kuwa mzazi mmoja amenilalamikia kwamba nawapotezea wanafunzi muda kwa kuwafundisha habari zao.

Hawa si wale nzi wanaotoboa maembe ya wakulima na kutaga ndani yake. Hawa urefu wao haupiti sana milimita 3, na hufuata tunda lililokwisha kuchacha. Kwa kuwa miili yao haijitengenezei joto la kutosha, hulazimika kulitafuta. Tulichukua bati refu la aluminiamu, tukaweka mifuko ya barafu ya dukani chini ya ncha moja na chupa za maji ya moto chini ya ncha nyingine, tukalifunika kwa kioo na kuwaachia nzi ndani. Baada ya nusu saa wengi wao walikuwa wametulia katikati, wakisugua miguu ya mbele, na wanafunzi wangu walikuwa wameinamia kioo wasitake kuondoka. Maabara zenye vipimo kamili huonyesha kwamba nzi hao hupendelea nyuzijoto 25 hivi za sentigredi.

Mzazi yule aliniuliza ni nani asiyejua kwamba mdudu hukimbia jua. Lakini kukimbia jua si jambo dogo. Mwaka 2011 watafiti wa Korea Kusini walieleza kwamba nzi waliozuiwa kutengeneza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, walichagua mahali penye ubaridi kuliko kawaida. Nzi waliokosa kipokezi cha dopamini walifanya vivyo hivyo, na waliporudishiwa kipokezi hicho katika sehemu moja tu ya ubongo, iitwayo miili ya uyoga kwa umbo lake, wakaacha kuupenda ubaridi ule. Kumbe kuhisi joto ni jambo moja, na kulichagua ni jingine linaloamuliwa na kemikali ubongoni. Hata njaa huingilia uamuzi huo: nzi asiyekula husogea kwenye ubaridi, ambako mwili wake hutumia nguvu kidogo.

Dopamini hiyohiyo imo katika ubongo wa binadamu, na kufa kwa seli zinazoitengeneza ndiko kunakoleta ule mtetemeko na ugumu wa viungo wa ugonjwa wa Parkinson. Mtoto aliyeyaelewa haya kwa nzi wa shambani kwao hatayakariri tena kwa ajili ya mtihani.

Kwa hiyo naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania ilifikirie jaribio hili kwa mazoezi ya vitendo ya kidato cha tatu, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapa Mtwara, watusaidie kuwatambua nzi wetu kwa aina zao. Mabibo yanaisha Desemba. Ningefurahi tukianza kabla hayajakauka.

Mwalimu wa baiolojia,
Newala, Mtwara