Wajina, usikilize tena wimbo ule

Minneapolis, Minnesota
26 Aprili 2020

Mpendwa wajina wangu,

Assalaam alaikum, na Ramadhani njema kwako na kwa wote hapo nyumbani Tanga. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ingawa sasa ni mwezi mzima tangu gavana atuamuru kukaa majumbani kwa sababu ya maradhi haya ya korona. Mama mfikishie shikamoo yangu, na umwambie kwamba futari ya juzi niliipika kwa maelekezo yake ya simu na watoto hawakubakisha kitu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniandikia kwamba “Murder Most Foul”, wimbo mpya wa Bob Dylan, yule mwimbaji wa Marekani, si wimbo, bali ni mzee anayesoma majina ya kaseti zake huku mtu mwingine akibonyeza piano. Maneno hayo yangetoka kwa mtu mwingine ningeyapita tu, lakini ni wewe uliyenifunza kumsikiliza Dylan, wewe uliyenifasiria mistari yake tukiwa tumekaa kwenye kizingiti cha duka la marehemu baba yako. Kwa hiyo nimeona nikujibu kwa kirefu, usiku huu kabla ya daku, nyumba ikiwa kimya.

Nianze na namna wimbo wenyewe ulivyotufikia. Ulitoka usiku wa kuamkia Ijumaa ya tarehe 27 Machi bila kutangazwa mapema, na Ijumaa hiyohiyo, karibu na saa sita za usiku, ndipo amri ya kutotoka nje ilipoanza katika jimbo letu, ambalo ndilo jimbo lake Dylan: alizaliwa Duluth, kaskazini ya hapa, akakulia Hibbing, mji wa machimbo ya chuma. Tangu 2012 alikuwa hajatoa wimbo hata mmoja alioutunga mwenyewe. Miaka hiyo alikuwa akirekodi nyimbo za zamani za watu wengine, zile za enzi za mwimbaji Frank Sinatra. Kisha akiwa na umri wa miaka 78 anatupa wimbo wa karibu dakika 17, mrefu kuliko wowote aliopata kuutoa, juu ya kuuawa kwa Rais Kennedy mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Aliuambatanisha na maneno machache ya shukrani kwa mashabiki wake, akisema kwamba ulirekodiwa muda uliopita, akatutakia usalama na kutuombea Mungu awe nasi.

Unakijua kile kikundi chetu cha watu sita, tuliokuwa tukikutana kila mwezi kusikiliza santuri. Sasa tunakutana kwa simu, na kwa majuma manne hatujazungumza jambo jingine. Tumegawanyika vibaya. Mmoja wetu, mama aliyekuwa mwanafunzi wa shule siku Kennedy alipouawa, anasema hajasikia kitu kilichomgusa kama hiki tangu ujana wake. Mwingine anasema kwamba kama Dylan asingekuwa Dylan, hakuna ambaye angevumilia hadi dakika ya tano. Mwalimu wetu wa historia, mtu ninayemheshimu sana, amekasirika kwa sababu wimbo unazungumza juu ya “wao” waliomuua rais, kana kwamba jambo hilo limekwisha kuthibitishwa, ilhali Tume ya Warren, iliyoyachunguza mauaji hayo, ilisema mwaka 1964 kwamba Lee Harvey Oswald, yule aliyekamatwa kwa mauaji, alitenda peke yake. Kweli, kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1979 iliona kwamba huenda palikuwa na njama, lakini mwalimu anasisitiza kwamba huenda si hakika, na kwamba mtunzi mwenye sikio la watu wengi hivi hana haki ya kupanda shaka. Hapa niko upande wa mwalimu. Mistari ya njama ndiyo dhaifu kuliko yote katika wimbo, na baadhi ya vina humo vimelazimishwa, kama mtu anayekifunga kiatu kisichomtosha.

Lakini lililonigusa katika mabishano yetu lilitoka kwa yule mzee mpiga piano wa kanisani niliyewahi kukusimulia habari zake. Katika wimbo, Dylan anaomba ipigwe Moonlight Sonata, kipande cha piano cha Beethoven, na anataja ufunguo, yaani noti ya msingi ya muziki, ambao si ule Beethoven aliokiandikia. Mzee wetu hakutaka kutuambia kosa kwa maneno. Aliiweka simu juu ya kifuniko cha piano yake, tukasikia kiti kikiburutwa, kisha akatupigia mwanzo wa kipande hicho katika ufunguo wake wa asili, zile noti tatu tatu zinazopanda polepole. Akanyamaza kidogo. Kisha akakianza upya katika ufunguo wa Dylan, na huzuni ikawa ileile lakini imehama, kama sauti ya mtu unayemjua inayotoka chumba kingine. Alinuia kutuonyesha kosa kwa vipimo vichache tu, ila alipofika hapo hakuacha. Aliendelea kupiga, na sisi watano tukakaa na simu masikioni hata alipomaliza. Baada ya hapo akasema tena kwamba ni kosa. Hakuna aliyembishia, wala hakuna aliyekuwa na haja ya kuendelea na mjadala usiku ule.

Sasa nije kwenye hoja zako mbili, wajina. Ya kwanza ni kwamba hakuna muziki: hakuna kiitikio, hakuna mdundo wa kushika, piano inatangatanga, fidla inalia kwa mbali, ngoma zinagongwa kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Yote hayo ni kweli. Lakini wewe umekulia kwa bibi aliyekuwa akighani tenzi, na hukuwahi kumwambia kwamba haimbi. Dylan hapa haimbi kama alivyoimba alipokuwa kijana na gitaa la umeme, siku zile mwaka 1965 mashabiki walipomzomea katika tamasha la Newport, anaghani. Kila mstari anauachia pumzi yake. Kiitikio unachokitafuta kimo, ila kimekaa mahali ambapo sikio la roki halikitarajii: jina la wimbo, ambalo ni maneno ya mzimu wa mfalme katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare, linarudi tena na tena mwishoni mwa sehemu kubwa, kama kina cha bahari kinavyorudi mwishoni mwa kila ubeti wa utenzi. Na ile sauti unayosema imechoka, mimi naisikia imetulia. Katika albamu ya 2012 ilikuwa ikikwaruza kama mlango uliooza bawaba; naamini miaka aliyoitumia kuimba nyimbo za wengine ndiyo iliyoirudisha.

Hoja yako ya pili ndiyo nzito, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Unasema nusu ya mwisho ni orodha tu: piga hiki, piga kile, mpige huyu, mpige yule. Nimeusikiliza wimbo huu mara nyingi, na siku moja nikiwa ndani ya gari nje ya duka la dawa, nikisubiri kuitwa, nikatambua kwamba orodha hiyo naijua. Wewe pia unaijua. Ni kadi ya salamu, zile tulizokuwa tukizipeleka redioni.

Tazama vizuri anavyofanya. Anamwomba mtangazaji, Wolfman Jack, aliyekuwa maarufu katika redio za usiku za Marekani. Msemaji, ambaye mwanzoni alikuwa mtu anayesimulia, kufikia hapo amekwisha kuwa marehemu mwenyewe, Kennedy, aliye ndani ya gari lake refu. Naye haombi nyimbo tu, bali anasema kila wimbo ni wa nani: huu upigwe kwa ajili yangu niliyemo garini, huu kwa mke wa rais kwa kuwa hajisikii vizuri, huu kwa Marilyn Monroe, huu kwa yule Jack mwenye klabu ya starehe, yaani Jack Ruby, ambaye siku mbili baada ya rais kuuawa alimuua Oswald. Wimbo, na jina la anayepelekewa. Katikati yake anasema kwamba anayetaka kukumbuka afadhali ayaandike majina. (Wenzangu wamebishana hata juu ya gari, kwa kuwa wimbo unasema Cadillac na rais alikuwa amepanda Lincoln, mimi naona aliyepigwa risasi anaweza kusamehewa hilo.)

Unaikumbuka kadi tuliyoiandika mimi na wewe juu ya pipa la mafuta ya taa dukani, peni yako ikivuja ikatia doa la buluu pembeni? Tulipanga majina: mama yako, mama yangu, wajomba wa Pangani, mwalimu wa darasa la nne. Mstari mmoja ulibaki, nawe ukaandika jina la bibi yako, aliyekuwa amefariki majuma mawili kabla. Nilikuambia kwamba salamu hazipelekwi kwa wafu, ukanijibu kwamba mtangazaji hajui nani yu hai. Tukangoja jioni baada ya jioni, hadi siku ile jina lake liliposomwa pamoja na mengine kwa sauti ileile isiyobagua, na wimbo tuliouomba ukafuata. Baba yako aliacha kupima sukari. Aliiacha mizani ikiwa imelala upande mmoja, mteja akisubiri, mpaka wimbo ukaisha.

Ndivyo ninavyousikia wimbo wa Dylan. Anayesoma majina ya kaseti ni mtu aliyekusanya salamu zote ambazo marehemu hakuwahi kuzituma, akazisoma hewani kwa niaba yake. Ndani yake wamo Nat King Cole, Etta James, Thelonious Monk, Charlie Parker, John Lee Hooker: wote wanamuziki weusi ambao muziki wao ulikuwa ukivuka usiku kwa redio hadi mji wa baridi wa machimbo, alikokuwa kijana mmoja akiwasikiliza. Kennedy halisi hakuwaomba hao. Anayewaomba ni Dylan, akimpa mtu aliyekufa kile ambacho yeye mwenyewe kilimlea. Simjui mtu aliyetoa rambirambi kubwa kuliko hiyo.

Tena kuna jambo ambalo mwalimu wetu wa historia ndiye aliyelikumbusha, ingawa alilitaja kama shtaka. Desemba 1963, majuma matatu tu baada ya mauaji, Dylan akiwa na miaka 22 alikwenda New York kupokea tuzo ya kamati moja ya watetezi wa haki za raia, akasimama mbele ya wageni waliokuwa mezani na kusema kwamba aliona kitu cha nafsi yake ndani ya Oswald. Walimzomea. Baadaye aliwaandikia waandalizi barua ndefu ya kujieleza. Mwalimu anasema mtu wa namna hiyo hana la kutuambia juu ya Kennedy. Mimi nasikia kinyume chake. Katika umri ule alijitazama ndani ya muuaji. Katika umri huu, baada ya miaka 56, amekaa kiti cha nyuma cha gari, upande wa aliyeuawa, akisikia kichwa chake kikiinama kwenye mapaja ya mkewe. Ameitaja hata saa ambayo Johnson, makamu wa Kennedy, aliapishwa kuwa rais, saa nane na dakika 38 mchana. Mtu hashiki dakika kwa uangalifu hivyo kwa jambo asilolibeba.

Umetaja pia kwamba wimbo umeshika nafasi ya kwanza katika chati moja ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ya mauzo ya nyimbo za roki, na ukasema hiyo ni heshima ya jina tu. Huenda. Ni mara yake ya kwanza kufika juu ya chati yoyote ya nyimbo ya Billboard kwa sauti yake mwenyewe, nami sioni kwamba jambo hilo linaongeza wala kupunguza kitu. Wimbo wake wa pili, uliotoka tarehe 17 mwezi huu, ni mfupi na mwepesi zaidi, na najua utaupenda upesi. Usiufanye kisingizio cha kuutupa huu wa kwanza.

Nakuomba ufanye hivi. Usiku mmoja baada ya tarawehe, watoto wakiwa wamelala, zima taa na ukae pale kizingitini. Usiusikilize mwanzo kwa kutafuta tuni. Ngoja mpaka anapomwita mtangazaji, kisha uhesabu si nyimbo, bali watu: huu ni wa nani, huu unakwenda kwa nani. Halafu usikilize ombi la mwisho kabisa. Baada ya kuomba nyimbo za kila mtu, anaomba upigwe wimbo huuhuu tulioumaliza kuusikia, kwa jina lake. Kadi imejitaja yenyewe kwenye mstari uliobaki.

Ukimaliza niandikie, hata kama bado utasema si wimbo. Na kama ile redio ya marehemu mzee ingali juu ya rafu, nipigie picha yake.

Wako katika kheri,
Wajina